Bia ya Brooklyn, mbege ya mama mkubwa

Jamani, hivi sisi tunapenda ladha au tunapenda lebo?

Wiki iliyopita washikaji zangu wawili walinikalisha baa moja Sinza, wakanitangazia kuwa wanaacha kazi wafungue kiwanda kidogo cha bia. Bia yenye hadhi, wanasema. Kimea cha Ujerumani, hopsi za Marekani, wateja wa Masaki. Mimi niwapigie debe. Mfano wao? Brooklyn.

Sawa. Brooklyn naijua, maana mmoja wa waasisi wake alikuwa mwandishi wa habari (njaa yetu ni moja!). Steve Hindy aliripotia Associated Press kutoka Mashariki ya Kati, na huko ndiko wanadiplomasia walikomfungua macho kuhusu kupika bia nyumbani. Aliporudi New York akawa anapika mwenyewe, akamshawishi jirani yake Tom Potter, mtu wa benki, wajilipue. Bia yao ikaingia sokoni mwaka 1988. Mitambo hawakuwa nayo, wakapikiwa katika kiwanda cha watu huko Utica, kisha wakawa wanaisambaza wenyewe baa kwa baa. Kiwanda chao Brooklyn kilifunguliwa 1996.

Hapo washikaji macho yanawang'aa. Ila kuna vipande wanaviruka.

Bia ile ya kwanza, mpishi wao William Moeller aliitoa kwenye mapishi ya babu yake, aliyepika bia hapo hapo Brooklyn. Ya babu, jamani! Halafu kuna sheria. Mpaka Oktoba 1978, Rais Carter alipotia saini, kupika bia nyumbani Marekani lilikuwa kosa. Miaka ile nchi nzima ilikuwa na viwanda vya bia visivyofika 100. Leo ni zaidi ya 9,000, na wengi wa waanzilishi walijifunzia jikoni.

Haya, jikoni kwetu yuko nani?

Yuko mama mkubwa wangu, Kibosho. Anachemsha ndizi mbivu kutwa nzima. Anaotesha ulezi, anauanika, anausaga, anaupika. Anatia magome ya msesewe kuleta uchungu, kazi ile ile ya hopsi. Kipimajoto hana, ananusa tu. Mbege hiyo ndiyo iliyonisomesha mimi na binamu zangu watatu. Na mwaka juzi mgambo walikuja wakamwaga mapipa mawili mbele ya wateja, eti mazingira machafu. Hakuna aliyekaa naye kumwonyesha usafi wanaoutaka ukoje. Kumwaga ni rahisi.

Nikawauliza washikaji: kwa nini bia yenu isianzie kwake? Wakacheka. Mbege haina soko, inachacha upesi. Kweli inachacha! Lakini Ubelgiji wanapika lambic, bia chachu ya makusudi, na nyie hao hao mngeilipia bei ya mvinyo bila kukunja uso. Kinachowashinda si uchachu. Ni kata, kilabu, na yule mama mwenye kanga aliyeketi nje na pipa lake. Mnamwonea aibu, semeni tu.

Nimewaambia siandiki hata mstari wa kuwasifia mpaka wakakae naye siku tatu, wabebe kuni, na wamlipe kama wanavyomlipa mtaalamu wa kizungu. Mmoja kanuna, hapokei simu zangu mpaka leo. Mwingine kauliza nauli ya Moshi ni kiasi gani. Ijumaa tunapanda basi naye.