Jembe la Mgeni

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Dada zetu waendao ng'ambo kuzuru marafiki huenda wakalitafuta jembe hilo katika makao ya mayatima. Nia ni njema, lakini tutafakari. Nchini Kamboja, ambako watalii wengi wamejitolea hivyo, imebainika kuwa wengi wa watoto wa makao hayo wana mzazi aliye hai. Umaskini ndio uliowatenga. Tena mtoto humzoea mgeni wa wiki mbili, kisha humpoteza. Basi muulize rafiki yako mwenyeji: ni mama gani jirani aliyelemewa na karo? Mwauni huyo, mwanawe alale nyumbani. Allah atutakabalie.