Vidonge vya Binadamu Si Tiba ya Kifafa cha Mbwa Wako

Kuna jambo naona linazidi. Mbwa wa ulinzi anaanguka, anakakamaa, anatoa povu, halafu mwenye shamba anakimbilia duka la dawa za binadamu. Eti amesoma kwenye simu kwamba serotonini inazuia kifafa. Mimi napinga, na sababu ninazo.

Ni kweli serotonini inahusika. Hii ni kemikali ambayo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Kifafa hutokea pale seli nyingi zinapofyatua umeme kwa pamoja bila mpangilio. Wapo panya wa maabara wanaorithi kifafa, wakisikia kelele kali tu wanaanguka. Serotonini ikiongezwa kwenye ubongo wao, degedege hupungua. Mpaka hapo hatubishani.

Shida ni kipimo. Serotonini ikizidi, joto la mwili linapanda, mnyama anatetemeka, na degedege lenyewe linakuja. Hayo huwapata mbwa wanaokula vidonge vya binadamu vya kutibu sonona. Hata tramadoli, ambayo wengi mnaichukulia poa, inapandisha serotonini na inaweza kuchochea degedege.

Halafu si kila degedege ni kifafa. Mbwa anayenyonyesha huenda kalsiamu imeshuka. Mwingine kalamba dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mwingine ana kichaa cha mbwa, ambacho kitakuua na wewe. Hata mbuzi mwenye kupe anaweza kupata degedege kwa sababu ya maji moyo. Hapo kidonge cha kubahatisha kinakupotezea muda tu.

Kifafa chenyewe kina dawa. Kwa mbwa, madaktari wa mifugo mara nyingi huanza na fenobabitali, kwa kipimo cha uzito, kila siku. Nayo haitegemei serotonini. Ukishaanza usiikatishe ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu.

Kwa hiyo mbwa akianguka, ondoa vitu vya kumwumiza. Usitie mkono mdomoni, usimnyweshe maziwa. Angalia saa, mrekodi kwa simu, mpigie daktari wa mifugo. Zikipita dakika 5 hajatulia, hiyo ni dharura, asisubiri kesho.

Mbwa aliyefundishwa kulinda banda ni mtaji kama mtaji mwingine. Piga hesabu mwenyewe: kumwita daktari, au kuanza na mbwa mwingine upya?