Kosa Halikuwa la Wazee

Mimi si mwanasheria. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nikastaafu, na sasa ninalima zabibu kidogo pembezoni mwa mji wa Dodoma. Lakini nimewahi kukaa mahakamani upande ule anaokaa jaji, nikasimama mbele ya kijana aliyeshitakiwa kwa mauaji, nikasema kwa sauti: ana hatia. Adhabu ya kosa hilo katika nchi yetu ni kunyongwa. Neno hilo sijalisahau, na ndilo linalonifanya nishike kalamu.

Nilikuwa mmoja wa watu wanaoitwa katika sheria washauri wa mahakama, na ambao wananchi huwaita wazee wa baraza. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 iliagiza kwamba kila kesi ya jinai katika Mahakama Kuu isikilizwe na jaji akisaidiwa na wazee wasiopungua wawili. Ushahidi ukimalizika, jaji huwafanyia majumuisho, kisha kila mzee hutoa maoni yake kwa mdomo. Baada ya hapo jaji huandika hukumu, naye hafungwi na maoni hayo. Wazee wote wakisema mtu hana hatia, jaji aliweza kumtia hatiani, mradi aeleze kwa nini hakukubaliana nao.

Mwaka 2022 Bunge, likiwa hapa hapa Dodoma, liliibadilisha sheria hiyo. Wazee wakaacha kuwa sharti la lazima. Mwaka mmoja kabla yake, yaani 2021, jambo kama hilo lilikwisha fanyika kwa mahakama za mwanzo: tangu hapo hakimu hukaa na wazee pale tu inapoonekana kuna haja au mmoja wa wahusika anapoomba. Watu wengi hawakugundua. Hapakuwa na kelele. Wazee waliondoka kama wageni waliokaa mno, na mwenyeji akashukuru moyoni.

Mimi nasema waliondolewa kwa kosa lisilo lao. Nitaeleza, na msomaji atapima.

Nianze na mahakama ya mwanzo, kwa sababu huko ndiko wazee walikuwa na nguvu hasa. Wengi wetu tunadhani mzee wa mahakama ya mwanzo alikuwa pambo. La hasha. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984 ilimtaka hakimu akae na wazee wasiopungua wawili, na wakitofautiana, jambo liamuliwe kwa kura za walio wengi. Kama mtu ana hatia au hana, dhamana, kiasi cha adhabu, fidia, vyote hivyo vilipigiwa kura. Wazee wawili waliweza kumshinda hakimu. Tena kanuni zilimkataza hakimu kuwahutubia wazee kwa namna ya kuwaelekeza. Alitakiwa ashauriane nao kama wenzake, kisha wote watie sahihi.

Baba yangu mdogo alikuwa mzee wa mahakama ya namna hiyo katika kijiji kimoja cha huku kwetu Ugogo. Mwaka 1988 ililetwa kesi ya wizi wa ng'ombe. Kijana amemswaga ng'ombe jike usiku kutoka zizi la jirani, amekutwa naye alfajiri, wala hakukana. Hakimu alikuwa mgeni, ametoka mkoa wa mbali, mtu mwema na msomi. Kwake kesi ilikuwa imekwisha.

Baba mdogo akaomba kuuliza swali moja: ng'ombe huyu alizaliwa katika zizi la nani? Mlalamikaji akababaika. Wagogo, kama wafugaji wengine wa nchi kame, hawaweki ng'ombe wote zizi moja. Mwenye kundi huwagawa, huyu kwa rafiki, huyu kwa shemeji, ili ukame au ugonjwa ukipiga upande mmoja, upande mwingine usalie. Aliyewekewa hunywa maziwa, lakini ng'ombe si wake. Ikabainika kwamba ng'ombe yule aliwekwa pale na marehemu baba wa kijana, na mashahidi wawili wa makabidhiano yale walikuwa hai. Baba alipofariki, rafiki akageuka mwenye mali. Kijana alikuwa na kosa la pupa, kwa maana angepaswa kudai mchana mbele ya watu, lakini mwizi hakuwa. Wazee wakawa wawili, hakimu mmoja. Kijana akaenda nyumbani, na hakimu akatia sahihi.

Baba mdogo alipotusimulia hakujisifu. Alisema tu, "Yule hakimu anajua sheria kuliko mimi. Lakini hajawahi kuweka ng'ombe kwa mtu." Sijapata kusikia maelezo mafupi kuliko hayo ya kwa nini raia wa kawaida wanatakiwa katika kiti cha hukumu.

Sasa nirudi kwenye kesi yangu, ambayo haina fahari yoyote.

Ilikuwa mwaka 2011. Nilichaguliwaje? Hapa ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Karani mmoja niliyefahamiana naye alinikuta kwenye kibanda cha magazeti, akaniuliza kama nina nafasi wiki ijayo. Nikasema ninayo. Basi. Nilipofika niliwakuta wenzangu wawili, wote wastaafu, na mmoja alinieleza kwamba alikwisha kaa katika kesi nyingi hata hazihesabu. Mshitakiwa aliulizwa, kama ilivyo desturi, iwapo ana pingamizi na yeyote kati yetu. Akasema hana. Angekuwa nalo vipi? Hakutujua, nasi hatukumjua. Sitaitaja mahakama hiyo, kwa sababu sisemi juu ya mtu mmoja bali juu ya utaratibu.

Shahidi mkubwa alikuwa mmoja. Alisema alimwona mshitakiwa usiku, kwa mwanga wa tochi, akitoka mbio katika nyumba ya marehemu. Alizungumza kwa uthabiti, hakuyumba. Majumuisho yalikuwa mafupi: tulikumbushwa nani alisema nini, tukatakiwa kutoa maoni. Wenzangu wakasema ana hatia. Nami nikamtazama yule shahidi aliyesema kwa uthabiti, nikasema hivyo hivyo. Jaji akakubaliana nasi.

Baada ya miaka minne rufaa ilisikilizwa na mwenendo mzima ukafutwa. Sababu? Sisi wazee hatukuelezwa sheria inasemaje juu ya kumtambua mtu usiku. Kumbe mahakama zetu zilikwisha onya miaka mingi kwamba ushahidi wa aina hiyo ni dhaifu mno, na kwamba lazima kuuliza: mwanga ulikuwa wa nguvu gani, umbali ulikuwa kiasi gani, alimwona kwa muda gani, alimfahamu kabla, alimtaja mapema kwa watu wa kwanza aliokutana nao? Maswali matano, ambayo hata mtoto wa darasa la saba angeyaelewa. Ningeelezwa hayo, nisingesema nilichosema. Kesi iliamriwa ianze upya mbele ya jaji mwingine na wazee wengine. Kufikia wakati huo shahidi yule alikwisha fariki dunia. Kijana akaachiwa. Aliingia mahabusu akiwa hana ndevu, akatoka na mvi za kwanza, na mpaka leo hakuna ajuaye kwa hakika nani alimuua marehemu.

Kesi za namna hii hazikuwa moja wala mbili. Mahakama ya Rufaa ilifuta mienendo mingi kwa sababu zinazowahusu wazee: hawakuelezwa hoja muhimu za sheria, au waliachiwa wawahoji mashahidi kana kwamba ni mawakili, au mzee mmoja alibadilishwa katikati ya kesi. Lilikuwa ni tatizo la kweli, silikatai. Wauaji walipata kuponyoka, na wasio na hatia walioza mahabusu wakingoja kuanza upya. Ndipo wakubwa wakasema: tuwaondoe wazee, kesi zitapona.

Lakini hebu tuulize. Nani alikuwa na wajibu wa kuwaeleza wazee sheria? Nani alikuwa na wajibu wa kumzuia mzee asivuke mpaka wa maswali yake? Wote wawili ni jaji. Tangu mwaka 1954 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikwisha sema kwamba maoni ya wazee yana thamani kubwa, ila kwa sharti kwamba wameelewa mambo ya kesi pamoja na sheria inayohusika. Sharti hilo lilikuwa juu ya mwenye elimu, si juu ya mkulima wa zabibu. Mwalimu asipofundisha, wanafunzi wakafeli, je, tuwafukuze wanafunzi ili shule ipate sifa?

Wapo watakaosema kwamba utaratibu wenyewe ni wa kikoloni, basi uende zake. Ni kweli kwamba uliletwa na Mwingereza. Lakini tuutazame vizuri urithi huo. Katika Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshitakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kuhukumiwa na juri, yaani jopo la raia ambao uamuzi wao humfunga jaji, nao walikuwa Wazungu wenzake. Mwafrika alipewa wazee wa kushauri tu. Mkoloni alijua tofauti ya kura na ushauri, akajichukulia kura. Kenya huru iliwaondoa wazee wa ushauri mwaka 2007. Uganda iliendelea nao. Sisi Tanzania tulikuwa tumefanya jambo la ajabu na zuri: katika mahakama ya chini kabisa, ile ya mtu maskini, tuliwapa wazee kura yenyewe. Hilo halikuwa la mkoloni. Lilikuwa letu, nasi ndilo tulilolilegeza kwanza.

Sisemi tuige juri ya Uingereza kama ilivyo. Kule watu 12 huchaguliwa kwa bahati nasibu kutoka daftari la wapiga kura, hujifungia chumbani, na tangu mwaka 1967 watu 10 kati ya 12 wanaweza kutosha kuamua. Lakini hawatoi sababu hata moja, na sheria inawakataza kusimulia walivyoafikiana. Mshitakiwa huambiwa neno moja au mawili tu. Kwetu mzee alisimama, mshitakiwa akimsikia, ndugu wa marehemu wakimsikia, akasema lake. Katika jambo hilo sisi tulikuwa mbele yao. Walipotushinda ni katika kuchagua: jina la kule hutoka katika daftari, halitoki katika kibanda cha magazeti.

Na hapa lipo jambo linaloniuma kuliko yote. Kwa miaka mingi kesi za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mzee alisikiliza kwa lugha moja, na kumbukumbu ikawekwa kwa lugha nyingine. Hakuweza hata kusoma kile kilichoandikwa kuwa ndiyo maoni yake. Mwaka 2021 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Tukashangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mlango uliokuwa umemfungia mwananchi nje kwa muda wote huo ulifunguliwa. Kabla hajavuka kizingiti, akaambiwa kiti chake si cha lazima tena.

Najua yatakayojibiwa. Kwamba wazee hula rushwa. Wapo waliokula, je, mahakimu hawajawahi kupelekwa mbele ya sheria kwa kosa hilo hilo? Kuhonga watu watatu ni kugumu kuliko kuhonga mmoja. Kwamba wazee hawajui mambo ya kitaalamu, vinasaba na miamala ya simu. Jaji naye hakusomea vinasaba. Huletewa mtaalamu akamweleza, na kinachoelezeka kwa jaji kwa Kiswahili kinaelezeka kwa mzee. Kwamba wanagharimu posho. Kijana wa kesi yangu alikula chakula cha serikali kwa miaka mingi bila hatia iliyothibitika. Hiyo nayo ni gharama, ingawa haina fungu lake katika bajeti.

Ninachotaka ni mambo matatu, wala si makubwa. Kwanza, wazee wapatikane kwa kura ya bahati kutoka daftari la wapiga kura la wilaya, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee, na mtu akikaa katika kesi moja apumzike. Pili, jaji awape hoja za sheria kwa Kiswahili, kwa maandishi, nao wazisome kabla ya kufungua kinywa. Tatu, katika kesi ya kunyonga, wazee wote wakisema mtu hana hatia, asitiwe hatiani. Na mahakama ya mwanzo irudishiwe kura zake kama zilivyokuwa.

Siku hizi Dodoma ni makao makuu kweli kweli. Jengo la Makao Makuu ya Mahakama limesimama hapa, refu na la kupendeza, na Bunge halipo mbali. Ninapopita kwenye barabara hizo huwa namkumbuka baba mdogo na koti lake moja la kuendea mahakamani, alilolikung'uta vumbi kila asubuhi ya kesi. Hakupata kuingia katika jengo la namna ile. Lakini kuna kijana, sasa ni mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye hakufungwa kwa ng'ombe wa baba yake mwenyewe, kwa sababu watu wawili wasio na shahada walikuwa na kura. Wa kwangu alikuwa na watu watatu wenye maoni, na hatukumfaa kitu.