Gome la Kinkina

Aliyepita katika mashamba ya Kivu huenda ameuona mti wa kinkina, ambao gome lake ni chungu kama nyongo. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Katika karne ya 17 mapadri Wayezuiti walilipeleka gome hilo Ulaya, nako watu wakalisaga na kulinywa pamoja na divai ili kutuliza homa ya vipindi.

Mwaka 1790 mganga Mjerumani, Samuel Hahnemann, alilimeza akiwa mzima, akaona dalili kama za homa. Akawaza: kinachomtia mzima dalili, kikiwa kidogo sana, kitamponya mgonjwa. Ndiyo asili ya homeopatia. Wafuasi wake hutazama umbo na tabia ya mtu. Matone ya kinkina huwapa hasa waliodhoofika kwa kupotewa na damu au kwa kuharisha.

Lakini tupambanue. Mwaka 1820 Wafaransa Pelletier na Caventou walitoa kinini katika gome hilo. Nayo, kwa kipimo cha kutosha, huua vijidudu vya malaria. Matone yale huzimuliwa mara nyingi, hata dawa yenyewe karibu isibaki.

Basi, mama, mtoto akishikwa na homa, usitegemee matone, wala usipike gome kwa kukisia: kidogo hakiponyi, kingi hudhuru masikio na moyo. Mpeleke dispensari siku ile ile, apimwe damu. Malaria haingoji kesho.