Ndugu Kamishna, wakaguzi waje usiku

Kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii,
Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum,
Dodoma.

Ndugu Kamishna,

Nilikuwa muuguzi kwa miaka 34, na tangu nilipostaafu huwa naenda kuwajulia hali wanaolelewa kwenye makazi ya wazee. Mwaka jana nilifika kwenye makazi fulani saa saba mchana. Jina lake naliacha, maana kasoro nitakayoieleza nimeikuta hata wodini nilikofanya kazi. Ukutani, juu ya kitanda cha bibi mmoja asiyeweza kujigeuza, palibandikwa karatasi ya zamu za kumgeuza: saa mbili ubavu wa kulia, saa nne ubavu wa kushoto, na kuendelea hivyo kila baada ya saa mbili, kama tulivyofundishwa. Ilikuwa imejazwa yote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, mpaka saa kumi na mbili jioni. Jua lilikuwa bado utosini, na jioni ilishaandikwa.

Sikumkasirikia mhudumu. Alikuwa peke yake na wazee 19, na tangu alfajiri alikuwa ameogesha, amelisha, amefua mashuka na kumsindikiza mmoja zahanati. Karatasi aliijaza kwa sababu karatasi ndiyo inayoulizwa.

Nikamfunua bibi miguu, nikapitisha mgongo wa kiganja kwenye visigino. Kidonda cha kulalia upande mmoja kinapoanza, vitabu vilitufundisha kutafuta wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole. Ngozi yetu nyeusi mara nyingi haionyeshi wekundu huo, mkono ndio unaojua: mahali panapoanza kuharibika huwa na joto kuliko pembeni, au pamekakamaa, au pamelegea kama embe lililoiva upande mmoja. Kisigino cha kushoto kilikuwa cha moto. Kikombe chake cha maji kilikuwa juu ya kabati, hatua mbili kutoka kitandani, kimejaa pomoni. "Mwanangu," akaniambia, "maji hayo nayatazama tangu asubuhi."

Sasa fikiria mkaguzi angepita siku ile ile. Angekuta kuta zimepakwa rangi, uwanja umefagiwa, stoo ina mchele na sabuni za wafadhili, na kumbukumbu zimekamilika. Angeandika kwamba huduma ni nzuri, na asingekuwa amesema uongo kwa yale aliyoyaona. Bibi angebaki na kisigino chake.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inataka mzee alelewe na familia yake, na makazi yawe kimbilio la mwisho. Nakubaliana nayo kabisa. Lakini tuitafakari maana yake: anayeletwa makazini ni yule aliyekosa mtu. Hana mtoto wa kuja Jumapili kumfunua shuka na kuuliza, "Hapa pamekuwaje?" Kwa mzee wa namna hiyo mkaguzi ndiye ndugu, na ndugu haangalii rangi ya ukuta kwanza.

Ningependa wakaguzi wako waanze na mwili. Wafunue visigino, nyonga na kifandugu cha kila mzee asiyejigeuza. Waulize mizani iko wapi, kisha mzee yupi amepungua. Mtu wa kilo 50 akipoteza kilo 2 na nusu ndani ya mwezi mmoja bila kukusudia, hiyo ni asilimia 5, na kitabibu ni dalili ya kutafutiwa chanzo haraka: huenda meno yamekwisha na ugali wanaompa ni mgumu, huenda mkono unatetemeka na hakuna wa kumshika kijiko, huenda ni ugonjwa, huenda ni majonzi. Asiyeweza kusimama kwenye mizani apimwe mkono kwa utepe, kama tunavyowapima watoto kliniki. Utepe huo si kitu cha gharama.

Na waje usiku, bila taarifa. Mchana una wageni na jua. Saa nane usiku ndipo mzee anapoamka kwenda chooni gizani, akateleza, na mzee akivunjika nyonga mara nyingi harudii kutembea kama zamani. Ndipo pampasi iliyolowa hukaa mpaka asubuhi na kuila ngozi. Wahesabu wahudumu walio macho saa hiyo, wasihesabu majina ya daftarini.

Mpwa wangu analea wazee huko Marekani, na ananisimulia namna wakaguzi wanavyowatokea ghafla mlangoni. Sheria yao ya mwaka 1987 inataka isipite miezi 15 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, tena wakaguzi waje bila kupiga hodi, na matokeo ya karibuni yawekwe mahali mkazi na ndugu yake wanaweza kuyasoma. Mwaka 2008 wakaanza kuzipa nyumba za kulelea wazee nyota, moja mpaka tano. Lakini idadi ya wahudumu nyumba hizo zilikuwa zikijiandikia zenyewe, na ikabidi hilo libadilishwe: tangu 2018 nyota za wahudumu hutokana na kumbukumbu za mishahara. Nchi tajiri vile nayo ilikuwa na karatasi yake ya kugeuza iliyojazwa mchana.

Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, wageni hufika makazini na magunia na kamera. Nawashukuru kwa dhati, chakula ni chakula. Wewe, Ndugu Kamishna, nakuomba kitu ambacho mfadhili hawezi kukileta kwenye gunia: ukaguzi wa ghafla, unaomsikiliza mzee pasipo msimamizi kusimama kando yake, na ripoti yake ibandikwe pale getini kwa Kiswahili chepesi. Ikionekana mhudumu mmoja ana wazee 19, iandikwe hivyo, ili lawama isiishie kwake.

Ukikosa watu wa kuifanya kazi hii, wapo wauguzi wastaafu kila mkoa. Mimi wa kwanza. Zamu ya usiku nimeizoea, na tochi ninayo.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro