Andikeni jina la mwokaji

Safu ya Ngoie Kabamba

Kila likizo kubwa, watoto wa Kamina waliokwenda kutafuta maisha Lubumbashi, Kolwezi au ng'ambo hurudi na simu nzuri, na hawakawii kumpiga foto mzee anayeoka mikate katika kartie (mtaa) walikokulia. Foto zenyewe hufanana: moshi, mkate mkononi, tabasamu, na chini yake maneno mawili matatu kuhusu utamu wa utotoni. Mapenzi hayo siyalaumu. Lakini foto ya namna hiyo humhusu aliyeshika simu kuliko aliyesimama mbele ya tanuru. Utoto ni wa mpigaji, kazi ni ya mwokaji. Foto ikikosa jina lake, kartie na mwaka, wajukuu wetu wataona mzee fulani na mkate fulani, basi.

Hayo si mambo ya kubuni, yamekwisha kutupata. Zamani za Wabelgiji, ofisi ya habari ya serikali, Inforcongo, iliwatuma wapiga picha kama Henri Goldstein na Carlo Lamote kuzunguka nchi, na picha zao nyingi zimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Jina la mpigaji lipo. La fundi au mama aliyepigwa picha mara nyingi halipo. Limeandikwa kabila lake, au kazi yake tu. Sammy Baloji wa Lubumbashi, katika picha zake za Mémoire za mwaka 2006, aliwatoa watu katika picha za kikoloni akawasimamisha katikati ya magofu ya viwanda vya kampuni ya madini ya Gécamines. Wale wafanyakazi wanatukazia macho, nasi hatujui tuwaite nani. Tena sisi wa Kamina hatuna haja ya kwenda mbali. Missa Luba, misa ya Kilatini kwa mitindo ya nyimbo za kienyeji, iliimbwa hapa hapa kwetu mwaka 1958. Padri Guido Haazen aliyeiandaa anajulikana duniani, na kwaya yenyewe ilibeba jina la mfalme wa Ubelgiji: Troubadours du Roi Baudouin. Joachim Ngoi, aliyeongoza kwa sauti, alipata bahati ya kutajwa. Wale wavulana na walimu waliomwitikia wamebaki kuwa "kwaya", ingawa sauti zao zilisikika hata katika filamu ya Waingereza iitwayo If...., mwaka 1968. Ikiwa watu walioimba wakasikika hadi Ulaya wamepotea majina, mwoka mikate wa kartie atasalimikaje?

Jina likishaandikwa, ipigwe foto kazi yenyewe. Tabasamu la mzee linaweza kupatikana arusini, ila ujuzi wake hauonekani popote isipokuwa pale uani. Matofali ya udongo wa kichuguu, ambao mafundi wa Katanga wanaujua kwa ugumu wake, yamepangwaje hata tanuru likashika joto? Moto unawashwa saa ngapi, makaa yanaondolewa lini, mdomo unazibwa kwa bati la namna gani? Waokaji wengine hutupa unga kidogo ndani ya tanuru na kutazama unavyogeuka rangi, ndicho kipimo chao cha joto. Halafu kuna gunia la unga. Ngano si zao la mashamba yetu. Unga wake husafiri mbali kabla ya kufika Kamina, na vita vya Ukraine vilipoanza Februari 2022 bei ya ngano ilipanda duniani kote. Mwokaji mdogo, popote alipo, hujibu kwa kupandisha bei au kwa kupunguza donge. Foto ya donge juu ya meza, ikiwa na tarehe na bei ya siku ile, itamwambia mtu wa mwaka 2060 mambo ambayo hotuba zetu zote hazitamwambia.

Wapo watakaosema kwamba mkate si mila yetu: chakula cha Mluba ni bukari (ugali), mkate ulikuja na wazungu, na misheni, na reli ya kampuni ya BCK, iliyopita hapa Kamina ikafika Ilebo mwaka 1928. Ni kweli. Lakini mji wa Kamina wenyewe tunaoupenda hivi umekuzwa na reli hiyo hiyo, na hakuna anayesema kwamba si wetu. Pwani ya Waswahili, mkate wa mofa unahesabiwa kuwa wa wenyeji, na tanuri lake la udongo linajulikana pia Yemen, ng'ambo ya bahari. Kitu kinakuwa cha watu pale wanapokijenga kwa udongo wao na kumrithisha mtoto namna ya kukifanya. Hoja hiyo hainitishi.

Inayonipa shida ni nyingine. Mwokaji akitajwa jina na mahali, watu wa kodi, wa usafi na wa "vibali" watajua pa kubisha hodi; na anayeishi Kongo hahitaji kuelezwa hodi hiyo inagharimu kiasi gani. Hofu hiyo ina haki. Ndiyo maana ruhusa iombwe kwanza, tena kwa kumweleza mzee foto itakwenda wapi, kwa sababu kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya faragha ya kila mtu, awe waziri au mwuza mikate. Akikataa jina kutangazwa, lisitangazwe. Lakini kutolitangaza hakuna maana ya kutoliandika: liandikwe nyuma ya foto iliyochapwa, likae nyumbani kwake, na yeye mwenyewe au watoto wake waamue siku ya kulitoa. Anayeona shughuli hiyo ni nzito mno kwa foto moja ya likizo, na aache kupiga.

Kwa hiyo, ndugu msomaji unayejiandaa kuja nyumbani: weka akiba ya kuchapisha foto mbili. Omba ruhusa, uliza jina kamili, andika kartie na tarehe. Moja ondoka nayo, nyingine mwachie mzee.