Mkataba wa Broka Umeisha, Deni Je?

Broka wa mashamba wa Kiambere kwa kawaida hana ofisi. Ana pikipiki, simu mbili na kumbukumbu kali. Atakuchukua Kiritiri asubuhi, mle vumbi hadi upande wa bwawa la Tana, kisha aanze kuhesabu hatua kwa sauti mpaka kwenye jiwe lililomezwa na kichaka. "Mpaka ni hapa," atasema, huku mbuzi wa jirani wakijilia majani pande zote mbili za huo mpaka.

Tuseme mwenye shamba alimpa miezi mitatu atafute mnunuzi. Miezi ikapita, bei ikakataa kuelewana. Mwezi wa nne mwenye shamba na yule mnunuzi aliyeletwa na broka kwa pikipiki wakapigiana simu, wakauziana. Broka akaipata habari sokoni, na sasa anataka kamisheni yake.

Mnunuzi hadaiwi kitu, isipokuwa kama aliahidi. Aliyemtuma broka ni muuzaji. Kwa muuzaji ndiko kwenye kesi. Mahakama za Kenya zilirithi kanuni za Uingereza, na huko kesi ya Luxor dhidi ya Cooper ya 1941 ilionyesha kwamba ajenti hupata chake pale lililoahidiwa linapotimia. Jasho peke yake halitoshi. Likitimia, huulizwa ni nani hasa aliyeleta mauzo hayo.

Kwa maoni yangu, tarehe isiwe kichaka cha kujificha. Kama mnunuzi ni yuleyule, shamba ni lilelile na bei imesogea kidogo tu, muuzaji alipe. Lakini kama mwaka mzima umepita, bei imeporomoka na wawili hao wamekutana upya matangani, broka ana haki ya shukrani, si ya asilimia.

Halafu tujiulize broka hulipwa kwa kazi gani. Kuonyesha shamba ni rahisi. Kujua historia yake ndiyo kazi: Mbeere, iliko Kiambere, ardhi ilikuwa ya ukoo kabla ya upimaji, na upimaji wenyewe ulizaa kesi zilizodumu miaka. Broka mzuri anajua ndugu yupi bado analalamika, kama mke amekubali, kama hati imetoka na iko kwa nani. Aliyekupa habari hiyo amekuokoa na hasara, na thamani yake haiishi pamoja na miezi mitatu.

Ila mabroka wenyewe wameiharibu kazi. Muuzaji anataka laki nne kwa ekari. Mnunuzi anaambiwa laki tano. Ile laki ya juu inaingia mfukoni kimyakimya, na bado kamisheni inadaiwa. Sheria ya uwakala haitambui faida ya siri kama hiyo, na anayeila huweza kupoteza hata kamisheni yake halali. Hii ndiyo sababu watu husubiri broka aondoke ndipo wapigiane simu. Tusiwaite wezi kabla ya kuuliza walikuwa wanakwepa nini.

Kuna pia haraka ya kulipwa siku ya kutia sahihi, broka akiwa amekaa mlangoni pa wakili. Shamba la kilimo lazima lipate kibali cha bodi ya udhibiti wa ardhi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila kibali, sheria inayaita mauzo hayo batili, na mnunuzi anaweza kudai pesa zake zirudi. Kamisheni iliyoliwa mapema itatapikwa na nani? Heri isubiri kibali.

Broka wa pikipiki naye, akienda mahakamani, atachechemea: Sheria ya Mawakala wa Ardhi na Nyumba, Sura ya 533, inataka wakala awe amesajiliwa. Kwa hiyo ugomvi huishia kwa chifu au wazee, na pale kila mtu anakumbuka anachotaka kukumbuka. Karatasi moja ya daftari la mtoto ingewaokoa wote: majina ya watu ambao broka amewaleta, kiasi atakacholipwa na muuzaji, na baada ya miezi kuisha, madai yake yatadumu siku ngapi.